Dakika Kumi za Dawa

Dakika ya nne, pembe ya meza ikaanza kukauka.

Arlene, mpishi, alidhani ni macho yake. Meza nzima ya chuma ya jikoni ilikuwa bado imelowa dawa ya kuua vijidudu, inang'aa, isipokuwa pale pembeni, palepale ambapo mkaguzi wa afya alikuta bakteria mara mbili, baada ya wazee sita wa nyumba hii ya kulelea wazee, mjini Duluth, kulazwa kwa kuhara.

"Ugonjwa wenu ni haraka," mkaguzi alikuwa amemwambia asubuhi ile. "Mkipulizia na kufuta papo hapo, mama, hao wadudu mnawaogesha tu. Dawa ikae mbichi dakika kumi."

Sasa mkaguzi aliinua macho kutoka kwenye saa yake. "Si nimesema usiguse?"

"Nani kagusa? Mikono yangu hii hapa."

Pale pakavu palikuwa pameshachukua umbo la kiganja cha kushoto, kidole cha pete hakipo.

Arlene alikijua. Mpishi aliyemtangulia alikatwa kidole hicho na mashine ya nyama, na kwa miaka ishirini aliegemea pembe hiyo kila siku, mpaka walipomzika Januari.

"Futa," mkaguzi akanong'ona.

"Zimebaki dakika sita."

"Futa, mama, futa!"

Kitambaa kilikuwa kimelazwa ukingoni mwa meza. Arlene akakishika ncha, akavuta.

Upande wa pili, pasipo na mtu, kikavutwa pia.