Doa la Hina

Fundi Kheri aliipangusa vumbi laptopu kuukuu, akamtazama Bi Salha.

"Bi mkubwa, nikiweka mfumo mpya, vya zamani vyote vinafutika. Kuna picha nikutolee kwanza?"

Zilikuwepo. Siku ya hina ya marehemu mdogo wake, Mwanahawa: wanawake peke yao, vichwa wazi, mabega wazi, Mwanahawa anacheka hadi pengo la gego linaonekana. Kwingine kokote hazikuwepo. Lakini mwanamume wa kando, asiye maharimu wao, azifungue?

"Hamna kitu, mwanangu. Futa tu."

"Usije ukanililia hapa!"

"Nikulilie wewe, una nini?" Wakacheka.

Alasiri laptopu iliwaka upesi, kioo chote mlima wa theluji asioujua. Bi Salha alifungua huku na kule, akitafuta kitu alichojua hakipo. Mwisho akainamia vibonye. Kwenye kibonye cha herufi M palikuwa na doa jekundu. Mwanahawa alikibonyeza siku ile ile, hina haijamkauka kidoleni.

Fundi alikuwa ameshalowesha kitambaa.

"Na hilo doa, Bi mkubwa, nikufutie?"

Bi Salha akalifunika kwa kiganja.