Sanamu ya Chura

"Wamekwisha," mtafiti alisema, na machozi yakamtoka mbele ya kikao kizima.

Mkurugenzi wa uhifadhi alishusha kalamu. Mezani alikuwa ametandaza mchoro wake mpya: barabara ya lami hadi kinamasini, maegesho ya mabasi, vyoo vya wageni, na jukwaa la kuwatazamia vyura wadogo wa manjano. Kilikuwa kimebaki kinamasi hicho tu. Vingine viwili alishavihifadhi kwa mtindo huohuo, na sasa hata mbu wamevihama.

"Wote?"

"Sikumpata hata mmoja, bosi."

"Umetafuta vizuri lakini? Maana wafadhili wanakuja kukata utepe."

"Nimetafuta mpaka buti zimetoboka."

Maskini, nusu ya maisha yake ilikuwa vyura hao. Wenzake walimwita Mama Chura, naye aliitika bila kinyongo. Bila chura hakuna utafiti, na bila utafiti hakuna kazi. Kila mtu pale alilijua hilo, ndiyo maana wengi walijifanya wanasoma ajenda.

Mkurugenzi alikunja mchoro shingo upande. "Basi kinamasi tuachane nacho, na mradi tunaufunga. Pole sana, dada. Utakabidhi ofisi." Kisha uso ukamchangamka, kwa kuwa huyu si mtu wa kukaa bila uzinduzi. "Ila hatuwezi kuwaacha waende hivihivi. Tutawajengea sanamu. Chura wa saruji, mkubwa, na jina langu chini. Wa mwisho alionekana wapi?"

Mtafiti alifuta macho, akafikiri kidogo, akanyoosha kidole dirishani.

"Pale, bosi. Kwenye kivuli, unapoegesha gari lako."

Kikao kilipitisha kwa kauli moja. Mkurugenzi naye alipiga makofi, ila si kwa nguvu.

Jioni mama yake mtafiti alimpigia simu. "Mwanangu, nimesikia wamekuachisha kazi. Jamani, pole. Sasa utaishije?"

"Nitajua la kufanya, mama."

"Unasemaje? Sikusikii. Uko wapi wewe, mbona kelele hivyo?"

"Ngoja nitoke majini kwanza, mama," alisema mtafiti. "Hawa vyura wakianza, hawanyamazi."