Mama wa Darajani

Sufuria zilikuwa safi, lakini kijana aliziosha tena. Akapanga vikombe, akafuta jiko, akakunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja upya. Sebuleni, mama yake alisimamisha gurudumu la cherehani.

"Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu, mama."

"Mtu mzima na ndevu zake haoshi vyombo safi bure. Sema."

Akachukua kikombe kingine. Saa kumi simu ingelia, na kabla ya hapo alihitaji neno moja tu kutoka kwa mama huyu. Hakujua aliombe vipi.

Kwa miaka kadhaa, kila alipotoka kwenye kibanda cha fotokopi alikofanya kazi, alijifungia chumbani na kuubadilisha mchezo wa kompyuta ulioundwa na watu wengine, mchezo wa msafiri anayevuka milima. Aliongeza vijia, mito, nyumba zinazofuka moshi. Hakufundishwa na mtu. Aliharibu, akarekebisha, akaharibu tena. Kisha akajenga daraja, na darajani akamweka mama mmoja mkali asiyempisha msafiri mpaka amseme kwanza. Wachezaji walimpenda mama huyo kuliko mchezo wenyewe. Wengine walikuwa wakirudi darajani makusudi, ili wasemwe tu.

Sasa wenye mchezo walikuwa wanamtaka. Aachane na fotokopi, aende akafanye kwao kwa mshahara kile alichokuwa akikifanya kwa kujifurahisha. Msimamizi wao alikuwa na swali moja: ile sauti ya mama wa darajani ni ya nani? Walitaka kusikia kwa mdomo wa mwenye sauti, kwa simu watakayopiga saa kumi, kwamba ameridhia.

"Ni mtu ninayemfahamu," kijana alikuwa amemjibu, uso ukimwiva.

Alimfahamu, ndiyo. Kila mama alipokuja mlangoni kumgombeza, maikrofoni ilikuwa wazi nyuma ya kioo cha kompyuta. Na mama hakugomba ovyo. Alitoa kwanza pini za kushonea mdomoni, akaegemea mwimo wa mlango, akamwaga yake neno moja moja. Akimaliza, alisimama kimya kidogo, kisha akaenda zake. Kijana alibaki anakata, anasafisha, anaweka darajani. Mwanzoni alicheka peke yake. Baadaye, alipoona watu asiowajua wakimwigiza mama yake na kushikana mbavu, kicheko kilimkauka. Lakini hakuacha.

"Mama," alisema, macho sakafuni. "Nisikilize bila kunikatiza."

Akamweleza yote. Hakujitetea. Mwishowe akaiweka kompyuta juu ya meza ya cherehani, kando ya sare za shule ambazo hazijatiwa vifungo, akabonyeza.

Msafiri akafika darajani. Sauti ikajaa sebuleni:

"Unatoka wapi na uso usiooshwa? Jua limepanda, wenzako wamefika mbali, wewe ndiyo kwanza unatafuta kiatu cha pili! Haya pita, usinizibie njia!"

Mama alisikiliza, mikono mapajani. Hakucheka.

"Rudia."

Akarudia. Alitamani ardhi ipasuke immeze na kompyuta yake.

"Na watu wote hao wameisikia hii?"

"Wote, mama."

"Hivi hivi ilivyo?"

"Hivi hivi." Akaifunga kompyuta. "Nisamehe. Nilikuibia sauti yako ndani ya nyumba yako. Msimamizi akipiga nitamwambia ukweli, nitakutoa humo, na kazi yao wabaki nayo."

Simu ikalia. Ililia juu ya meza, ikitetemeka katikati ya vifungo, naye hakuigusa. Mama ndiye aliyenyoosha mkono akaichukua. Kabla ya kupokea, alimtazama mwanawe kama mtu anayepima kitambaa kilichokatwa vibaya.

"Umeniaibisha kweli," alisema. "Siku ile nilikuwa na mafua. Nikasimama pale mlangoni nikisubiri useme nirudie kwenye maikrofoni yako, wewe ukaichukua sauti hivyo hivyo."