Ngiri ya Fundi Farhan

Wiki ya nane sasa Farhan alikuwa akishona kwa mguu mmoja. Wa kulia ulikanyaga cherehani, wa kushoto aliunyoosha pembeni, na mapajani alipakata barafu ya ukwaju iliyoviringishwa kwenye taulo. Mteja akiuliza, alisema ni joto la Bagamoyo.

Halikuwa joto. Baada ya uzazi wa tano, mkewe Lulu alitoka hospitali kwa dua za watu, na daktari akasema wa sita asithubutu. Sindano na vidonge vilimkataa. Farhan akaenda mwenyewe kliniki kufunga uzazi, kazi ya nusu saa, akarudi kwa miguu yake. Waliomwambia maumivu yangekwisha kwa wiki moja hawakuwa mafundi cherehani.

Alirudi mara mbili. Muuguzi alimkagua, akasema hakuna usaha wala uvimbe, wengine huchelewa tu kupoa. Avae chupi ya kubana, ameze dawa ya maumivu, asibebe majora ya vitambaa, apunguze kushona. Yote aliyafuata isipokuwa hilo la mwisho, maana watoto watano hawali ushauri.

Maumivu aliyavumilia. Lililomnyima raha ni kaka yake. Bwanausi ndiye aliyemlea tangu baba yao alipofariki, na hata hiyo cherehani ni yeye aliyemnunulia. Naye Bwanausi, kwa miaka ishirini na ndoa mbili, hakujaliwa hata mtoto mmoja. Mwezi ujao alikuwa anaoa mara ya tatu, na shabaha yake ilikuwa moja tu. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba umekwenda kwa hiari yako kuufunga mlango anaougonga yeye? Farhan aliona haya, na zaidi ya haya aliogopa kumvunja moyo.

Kwa hiyo siku kaka yake alipomkuta na taulo lake, alimwambia ni ngiri, imepasuliwa.

Bwanausi akavuta kigoda karibu. "Ngiri hii hii inayovuta kinenani, kama yangu, wanayosema inamnyima mtu watoto?"

"Hiyo hiyo, kaka."

"Walikulaza?"

"Hata. Nusu saa tu, nikarudi kwa miguu."

Bwanausi akataka kujua ni kliniki gani, na Farhan, kwa kukosa uongo wa pili wa haraka, akamtajia.

Lulu aliposikia alishika kiuno. "Njia ya mwongo fupi, baba Najma. Shemeji akienda kuuliza kule, ataujua ukweli kwa mdomo wa watu baki. Mwambie wewe."

"Nitamwambia baada ya harusi."

Asubuhi yake akachechemea mpaka kliniki. Akamweleza muuguzi kwamba ana kaka mdadisi, na kwamba akija, asiambiwe kitu.

"Baba, hapa siri ya mtu haitoki," muuguzi akasema. "Hata aje mama yako mzazi."

Jumamosi Bwanausi akaja dukani. Farhan akampa shikamoo yake, akamsogezea kiti. Marahaba aliitikia, kiti akakikataa.

"Natoka kule kliniki kwenu," akasema. "Yule muuguzi mgumu. Nimemuuliza ulifanyiwa nini hasa, amekataa katakata kunieleza."

Farhan akashusha pumzi ya wiki nane. Kimoyomoyo akamwombea yule mama maisha marefu.

"Nikaona maneno ya nini. Nikaingia kwa daktari, nikamwambia anifanyie kile kile alichomfanyia mdogo wangu Farhan, fundi cherehani. Naye kwa maswali hajambo. Una watoto wangapi? Nikamwambia saba, mwanamume hakiri upungufu mbele ya mgeni. Umeridhika? Nimeridhika. Akarudia mara tatu, mara tatu nikamjibu, nikatia saini."

Bwanausi akaegemea mlango polepole, uso umemkunjuka kama mtu aliyetua mzigo.

"Ulisema kweli, nusu saa tu. Mwakani, panapo majaliwa, utaitwa baba mdogo."