Mkia wa Bati

Jentrix alizima injini katikati ya barabara, tuktuk ikiwa mbioni, kisha akapiga kelele ya furaha.

"Arobaini, Mzee! Bonyeza!"

Nyuma yake, amebanwa kati ya magunia mawili ya mchanga, Mzee Obiero alibonyeza saa ya simu yake. Gia ilikuwa fri. Tuktuk ilikuwa imeachwa ijiendee yenyewe mpaka ichoke.

Ilikuwa saa moja asubuhi, nje kidogo ya Ahero, kwenye ile barabara iliyonyooka katikati ya mashamba ya mpunga. Walichagua saa hiyo kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa haujaamka. Mfuko waliofunga kwenye ncha ya ufito kupima upepo ulilala kimya kama shuka. Matairi yote matatu yalikuwa yamejazwa sawasawa. Turubai la nyuma lilikuwa jipya, halina hata dirisha. Vioo vya pembeni viliachwa gereji kule Obunga, maana Jentrix alisema vinakamata upepo kama masikio ya ndovu.

Miaka sita Jentrix alikuwa amechomelea vyuma katika gereji hiyo, na bango la mlangoni bado lilikuwa na jina moja tu: Obiero. Sasa alikuwa ametengeneza mkia wa bati wa kufungwa nyuma ya tuktuk, mpana mwanzoni, mwembamba mwishoni kama mgongo wa samaki mbuta.

"Ukienda mbio, ni upepo unaokuvuta nyuma," alikuwa amemweleza Mzee. "Ukipunguza, ni matairi na beringi. Matairi siwezi kuyabadilisha, lakini upepo nitaudanganya."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Ndipo wakawekeana ahadi. Wangepima kwanza bila mkia, halafu na mkia, mwendo ule ule wa kilomita arobaini kwa saa, mzigo ule ule. Tuktuk ikichelewa zaidi kusimama ikiwa na mkia, jina la Jentrix litapakwa rangi kwenye bango. Isipochelewa, bati litaezeka banda la kuku.

"Bila mkia haizidi sekunde arobaini na tano," Mzee alisema. "Hii tuktuk naijua kama goti langu."

Basi ndiyo hiyo, bila mkia, inateleza. Wakaipita mashine ya kukoboa mchele iliyokuwa ikinguruma kando ya njia. Mama mmoja aliyekuwa akianika mpunga hapo akaruka juu.

"Imezima! Woi, watu wa Mungu, ile imezima!" akaita, akipunga ufagio.

Jentrix alikuwa akicheka. "Thelathini, Mzee! Ishirini na tano!" Kisha akainamia kipima mwendo. "Ishirini na tano. Bado ishirini na tano!"

Ngurumo ya mashine ya mchele ilikuwa kama inawafuata. Mzee Obiero alisoma sekunde kwa sauti. Arobaini. Arobaini na tano.

"Nyara," alisema kwa Kijaluo, yaani binti yangu, na Jentrix alikuwa kweli kama binti yake, "hii kitu imekataa kusimama!"

Pikipiki ya boda iliwapita polepole. Mwenyewe alipiga honi mara mbili, akainua mguu wenye gambuti nyeupe, akakata kona kuelekea mferejini.

"Umeona?" Mzee alipaza sauti. "Hata watu wa boda wananipigia saluti!"

Tuktuk ikapungua, ikapungua, ikasimama. Sekunde hamsini na nne.

Mzee alishuka akicheza. Alizunguka tuktuk mara mbili, akapigapiga tairi la mbele kama mtu anayesifu ng'ombe. "Chuma ya Obiero! Haihitaji mkia, hii. Hii ilizaliwa inateleza!"

Jentrix alicheka naye, lakini alipokuwa akikaza bolti nne za mkia, spana ilimponyoka mara tatu.

Wakarudi kwenye alama ya chokaa waliyoanzia. Wakaondoka tena.

"Arobaini!"

Injini kimya. Mama wa mpunga akaita, "Imezima tena!" Safari hii mashine ya mchele ilibaki nyuma na ngurumo yake, na kilichosikika kilikuwa matairi tu yakinong'ona juu ya lami.

"Thelathini. Ishirini na tano. Ishirini." Jentrix aliinama juu ya usukani kama anayemwombea mgonjwa. "Twende, mama. Twende kidogo tu. Kumi. Tano…"

Ikasimama. Mzee akabonyeza saa.

"Hamsini na mbili."

Mkia umeshindwa kwa sekunde mbili! Mzee alijaribu kuhuzunika, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani. "Usilie, nyara. Kuku wangu watalala kama waheshimiwa. Hata mvua ya Kano haitawagusa."

Jentrix naye akaanza kucheka, machozi yakimtiririka, akachukua spana na kulegeza bolti ya kwanza.

Honi ililia mara mbili. Mwenye boda wa gambuti nyeupe alikuwa akirudi kutoka mferejini. Alisimama kando yao, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana, Mama. Imezima tena? Panda, weka fri, nikusukume na mguu kama ile mara ya kwanza."