Pindo la Bi Mwanamvua

Bi Mwanamvua alitoka nyuma ya pazia la fundi Chande amelivaa gauni jipya, uso kaukunja.

"Fundi, macho yamekuishia? Gauni linafagia sakafu!"

Vipimo vyake Chande alikuwa navyo kichwani tangu alipomshonea gauni la harusi, na miaka yote hakuona haja ya kumpima upya. Sasa akashusha futi kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu. Inchi tatu za urefu wake wa zamani hazikuwepo. Akapima tena, polepole, na safari hii akauona mgongo ulivyopinda.

"Nisamehe, Bi Mwanamvua. Nimekosea mimi," alisema, akashika meza, akapiga magoti kwa shida ili alikunje pindo.

Bi Mwanamvua akamzuia mkono.

"Muongo wewe. Usikunje. Kata."

"Nikikata, halitarefuka tena."

"Kwani mimi nitarefuka?"

Mkasi ukazunguka taratibu, kipande kikaanguka. Chande akajaribu kuinuka, magoti yakagoma. Bi Mwanamvua akamnyooshea mkono, naye akaupokea, wakabaki wameshikana hivyo, kila mmoja akingoja mwenzake avute.