Mwembe wa Kusini

Shoka lilipogonga mara ya kwanza, Bibi Kartyayani alifumbua macho kitandani. Akatega sikio. Likagonga tena. Mlio ulitoka upande wa kusini wa bustani.

Pwani ile ya Kerala, nchini India, kila nyumba ya Kihindu ina mwembe wake wa kusini, na mwembe huo haukatwi kwa mbao wala kwa kuni za jikoni. Hukatwa siku mtu wa nyumba hiyo anapofariki, achomwe nao.

"Kumbe wamenichoka," alisema peke yake.

Homa ilikuwa imemlaza siku kumi na moja. Tangu asubuhi aliona mambo, akayanyamazia. Jiko halikuwashwa. Uji wa mchele ulitoka kwa jirani, tena hauna hata chumvi. Mkwewe Sumathi aliingia macho yamevimba, na alipoulizwa mumewe Divakaran yuko wapi, alijibu, "Alikwenda mjini jana kwa pikipiki, Mama. Kukununulia dawa." Kisha akatoka mbio.

Bibi akashusha miguu. Akajikokota, ameshika ukuta, kisha mnazi, kisha mfenesi, hadi kwenye mchanga wa kusini. Mwembe ule aliupanda kwa mkono wake mwaka aliomzaa Divakaran, mtoto wake wa pekee. Akaulisha majivu na matumbo ya samaki mpaka ukauzoea upepo wa chumvi.

"We Chellappan!" alimfokea mkata miti. "Mimi bado napumua. Una haraka ya nini?"

Chellappan aliteremsha shoka. Hakumtazama. "Bibi, rudi ukalale. Jua kali hili."

"Nilale nisiamke, ndivyo mnavyotaka! Na mwili wenyewe ndio huu, umebaki kijiti. Tawi moja linanitosha, na kuni za kupikia wali zinabaki. Mti mzima wa nini?"

Majirani walikuwa wamejaa uani. Hakuna aliyecheka.

Bibi akaketi juu ya mizizi, akaegemeza mgongo pale pale palipochanjwa na shoka. "Haya, kateni na mimi. Sifi leo, wala sifi kesho. Embe za mwaka huu nitazila kwa chumvi na pilipili, na nyie mtanikodolea macho."

Sumathi alikuja akapiga magoti mchangani. "Mama, nakuomba. Inuka."

"Siinuki ng'o! Niitie mwanangu. Kama ndiye aliyewatuma, aje aniambie mwenyewe, uso kwa uso."

Nyuma ya Sumathi majirani waligeuka, wakaacha njia. Gari jeupe la hospitali lilikuwa linaingia langoni kinyumenyume, taratibu, bila king'ora.

"Ndiye huyo analetwa, Mama."

Bibi Kartyayani alilitazama lile gari. Kisha akashika shina, akainuka polepole, akampisha Chellappan.